Subira, Tawakali na Faraja: Lugha ya Imani ya Kiislamu Mbele ya Dhiki ya Kitshanga

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiarabu, yako yale ambayo wasemaji huyakimbilia pindi wanapopatwa na mashaka: subira, dhiki, faraja, msiba, mtihani, riziki, imani, heri. Maneno haya yamezoeleka mno, hata ni wachache wanaokumbuka kwamba hapo awali yalikuwa maneno ya dini, na kwamba kila moja liliingia katika lugha likiwa limebeba mafundisho yake. Makala hii inakusudia kuyaeleza mafundisho hayo, na kuonyesha jinsi Mwislamu anavyoyategemea ili apate nguvu wakati wa taabu.

Mahali palipochaguliwa kuwa kipimo cha maelezo haya ni Kitshanga, katika usultani wa Bashali, wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Sababu za uchaguzi huo ni mbili. Kwanza, dhiki ya Kitshanga si ya mfano wa vitabuni. Ni historia ya miaka zaidi ya 30. Pili, Waislamu wa sehemu hiyo ni wachache kuliko Wakristo, lakini Kiswahili ni lugha ya wote. Kwa hiyo maneno yaliyozaliwa katika mafundisho ya Kiislamu yanasikika hapo katika vinywa vya Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu pamoja, sokoni, kambini na katika nyumba za ibada.

Hoja inayotetewa ni hii: katika Uislamu, subira ni tendo, wala si ukimya. Neno likitengwa na mafundisho yake, hugeuka kwa urahisi kuwa kizibo cha kinywa cha mnyonge. Likirudishwa katika mafundisho yake, humpa nguvu ya kusimama, kutafuta, kudai haki na kusaidia wengine.

2. Kitshanga na mashaka yake

Kitshanga ni mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Goma, karibu na mpaka wa Masisi na Rutshuru. Hukutana hapo Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanande na wengineo, kila jamii na lugha yake, na Kiswahili kikawaunganisha. Mwezi wa Machi 1993, mauaji yaliyoanzia Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yalienea Masisi na kuwatenganisha majirani waliokuwa wamezoea kuoleana na kulima pamoja. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu. Vita vya mwaka 1996 vikafuata. Katika miaka ya 2006 hadi 2009 Kitshanga ilikuwa mojawapo ya ngome za kundi la CNDP. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2013, mapigano kati ya jeshi la serikali na kundi la APCLS yaliteketeza sehemu kubwa ya nyumba za mji. Mwezi wa Januari 2023 kundi la M23 liliuteka mji huo, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ukagombaniwa tena.

Kila mara, waliokimbilia Kitshanga wakitafuta usalama wamejikuta wakilazimika kuikimbia. Wakazi wa kambi za Mungote na Kahe, ambao walikuwa wamekwisha kuhama vijiji vyao, walihama kwa mara nyingine pamoja na wenyeji waliowapokea, wakaelekea Sake na Goma. Ndipo lipatikanapo swali zito kwa mtu wa dini yoyote: mtu aliyepanda mara tatu na asivune hata mara moja, akiambiwa asubiri, anaambiwa nini hasa?

3. Njia ya maneno kutoka pwani hadi Kivu

Maneno yenyewe yalifika Kongo ya mashariki kwa njia ya misafara. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kufika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na baadaye Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed al-Murjabi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Waliokuja nao walijiita waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana, jina ambalo lilidumu kwa muda mrefu katika maandishi juu ya Kiswahili cha Kongo.

Haifai kuipamba historia hiyo. Misafara iliyoleta neno faraja ilileta pia minyororo; biashara ya pembe ilikwenda sambamba na ya watumwa, na wengi walioisikia dini kwa mara ya kwanza waliisikia wakiwa mateka. Pamoja na hayo, wenyeji wengi wa Maniema waliipokea imani wakaifanya yao, wala hawakuiacha baada ya wale walioileta kushindwa.

Hapo ndipo Waislamu wa Kongo walipopata mtihani wao wa kwanza wa muda mrefu. Katika vita vya 1892 hadi 1894, majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalizitwaa Nyangwe na Kasongo na kuvunja utawala wa Waarabu. Mwaka 1906 mkataba kati ya Dola hiyo na Vatikano uliwapa wamisionari Wakatoliki nafasi kubwa katika elimu. Katika utawala wa Wabelgiji uliofuata, shule ilikuwa kwa sehemu kubwa shule ya misheni, na mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua kati ya kumpeleka mtoto shuleni, ambako angetarajiwa kubatizwa, na kumbakiza nyumbani. Tarika ya Kadiria, iliyokuwa na wafuasi Maniema, ilitazamwa na watawala kwa jicho la shaka. Shule za serikali zisizo za kidini kwa watoto wa Kiafrika zilianza katika miaka ya 1950, na jumuiya ya Waislamu, inayojulikana kwa ufupisho wa COMICO, ilitambuliwa na serikali mwaka 1972.

Kwa zaidi ya nusu karne, basi, imani hiyo ilitunzwa katika vyuo vya Kurani vya barazani, katika sala za jamaa, katika maziko na katika visomo. Haikuwa na shule kubwa wala cheo. Mtu akitaka kujua jinsi imani inavyoweza kuwapa nguvu watu wasio na nguvu, Maniema ni kielelezo kisichohitaji kutafutwa mbali.

Lugha, kwa upande wake, ilikwenda mbali kuliko dini. Kiswahili kilienea Kivu kwa njia ya jeshi, mashamba makubwa, utawala na misheni. Wamisionari walipohubiri na kutafsiri, walichukua maneno waliyoyakuta: imani, sala, toba, rehema, baraka, sadaka, malaika, nabii. Matamshi yakabadilika, dhambi ikawa zambi, na kiambishi wa- kikawa ba- katika mazungumzo, hata wakimbizi wakaitwa bakimbizi. Kifaransa nacho kikatoa neno lake la kufariji, na leo ni kawaida kumsikia mtu wa Kivu akimwambia mwenzake aliyefiwa awe na kuraje. Lakini chini ya tabaka hizo, msingi wa lugha ya faraja umebaki uleule.

4. Mizizi ya maneno

Uchunguzi wa mizizi unasaidia kuona fikra iliyofichika katika maneno hayo. Dhiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni wembamba, hali ya mahali pasipo nafasi. Faraja hutokana na mzizi wenye maana ya kufungua au kupasua. Kwa hiyo methali isemayo baada ya dhiki faraja ina picha moja iliyo kamili: mtu aliyebanwa katika njia nyembamba, kisha njia ikafunguka. Kwa mtu aliyelala na watoto sita katika kibanda cha turubai, dhiki ni neno la kipimo kabla ya kuwa neno la moyo.

Kuhusu methali hiyo, kuna jambo moja linalostahili kuangaliwa. Sura ya 65 ya Kurani, aya ya 7, inaahidi wepesi baada ya uzito, na methali inafuata maana hiyo. Lakini sura ya 94, aya ya 5 na ya 6, inatumia neno lenye maana ya pamoja na: wepesi uko pamoja na uzito, na kauli hiyo inarudiwa mara mbili. Wafasiri wameongeza maelezo ya kisarufi, kwamba neno la uzito limewekewa kitambulishi katika aya zote mbili, hivyo ni uzito uleule mmoja, hali neno la wepesi halina kitambulishi, hivyo ni wepesi wa aina mbili. Fundisho lake ni kwamba anayeteseka asingoje mateso yaishe ndipo atafute faraja. Aitafute humohumo, katika jirani aliyegawa unga, katika mtoto aliyepona, katika usiku uliopita bila milio ya risasi.

Subira ina mzizi wa s-b-r, ambao katika Kiarabu huhusishwa na kuzuia na kujifunga imara. Mzizi huohuo wa konsonanti umezaa jina la mmea mchungu, ambao Kiswahili huuita subiri au shubiri. Msemo chungu kama shubiri haukosi uhusiano na mada hii: mmea ni mchungu, lakini ni dawa. Subira haidai kwamba kichungu ni kitamu. Mwenye kusubiri anaruhusiwa kukunja uso anapokunywa dawa yake.

Stahamili ina mzizi mmoja na himili na hamali, nao ni mzizi wa kubeba mzigo. Msiba, kwa asili, ni kitu kilichopiga shabaha. Mtihani ni jaribio la kupima. Tawakali ina mzizi mmoja na wakili, nayo ni kumfanya Mungu kuwa wakili wa jambo lako. Imani ni ndugu wa amani, amini na amana, maneno yenye maana ya usalama na kuaminika. Na Kiswahili kimeongeza maana ambayo yafaa itazamwe kwa makini, kwani kumwonea mtu imani ni kumhurumia, na asiye na imani ni katili. Kwa kauli ya Waswahili wenyewe, basi, imani isiyozaa huruma haijatimia.

5. Subira si ukimya

Wanazuoni wa Kiislamu wameandika mengi juu ya subira. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea subira na shukrani kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa ya kuhuisha elimu za dini. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alieleza mgawanyo wa aina tatu ambao hufundishwa hata leo: subira katika kutenda yaliyoamrishwa, subira katika kuyaepuka yaliyokatazwa, na subira katika kukabili yale aliyokadiriwa mtu bila hiari yake. Msemaji wa kawaida huijua aina ya tatu peke yake. Lakini mbili za kwanza ni za utendaji. Kuamka alfajiri na kusali katika baridi ya milima ya Masisi ni subira. Kukataa kupora duka la aliyekimbia, au kukataa kumtaja jirani kwa wenye bunduki ili kulipiza kisasi, ni subira pia. Na huenda hii ya pili ndiyo ngumu kuliko zote mahali penye vita.

Hata ile aina ya tatu haina maana ya kukauka machozi. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, alilia mbele ya masahaba; alipoulizwa, alieleza kwamba machozi ni huruma, na kwamba kinachokatazwa ni kusema yale yasiyomridhisha Mola. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Bukhari. Kumwambia mjane asilie ati ndiyo imani, ni kumtwika sheria ambayo dini haikumtwika.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Nabii Yakubu katika sura ya Yusuf. Alipopotelewa na mwanawe alichagua subira iliyo njema, na akasema kwamba malalamiko yake anayapeleka kwa Mungu. Alilia hata macho yake yakawa meupe. Lakini katika aya ya 87 ya sura hiyo anawaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa ya rehema ya Mungu. Subira ya Yakubu, basi, ina sehemu tatu: alilia, aliomba, na alituma watu wakatafute. Katika Kivu, ambako kila wimbi la mapigano hutawanya wazazi na watoto barabarani, kwenda kuandikisha jina la mtoto aliyepotea na kurudi kuuliza kila juma ni kufuata nyayo za Yakubu.

Kuhusu dhuluma, mafundisho ni wazi zaidi. Aya ya 148 ya sura ya An-Nisaa inaeleza kwamba Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe hadharani, isipokuwa na aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa, kwa hiyo, amepewa ruhusa ya kusema. Katika hadithi nyingine iliyopokewa na Bukhari, waumini wanaamrishwa kumsaidia ndugu yao awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Na masahaba walipoona ajabu, walielezwa kwamba dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa asidhulumu. Mwenye silaha anapomwambia aliyenyang'anywa shamba kwamba asubiri kwa sababu hayo ni mapenzi ya Mungu, anatumia neno la Kiislamu kwa maana ambayo Uislamu unaikataa. Kutambua tofauti hiyo si jambo la wanaisimu pekee. Ni haki ya mnyonge kulijua neno analoambiwa.

6. Tawakali na juhudi

Tawakali nayo hupotoshwa vivyo hivyo. Picha ya wakili iliyomo katika mzizi wake inatoa maelezo mazuri: mwenye kesi humwachia wakili neno la mwisho, lakini hapumziki kuleta hati na mashahidi. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi inasimulia mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Kisa cha Bi Hajar ndicho kinachogusa zaidi hali ya wanawake wa kambini. Aliachwa na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea wala maji. Hakukaa chini ya mti kungojea muujiza. Alikimbia mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa akitafuta msaada, ndipo maji ya Zamzam yalipotokea. Kinachostaajabisha ni kwamba mbio za mama huyo mwenye kiu zimefanywa kuwa nguzo ya Hija, na mahujaji wote, wakubwa kwa wadogo, huzifuata hadi leo. Mama anayekwenda na dumu mgongoni kutafuta maji, kisha kuni, kisha unga, haombi kuhurumiwa kwa udhaifu wake. Anafanya kazi ambayo dini imeipa daraja ya ibada.

7. Wepesi wa sheria kwa aliye taabuni

Nguvu ambayo imani humpa mtu haitoki katika maneno ya kuliwaza pekee. Inatoka pia katika sheria zenyewe, ambazo zimeweka ruhusa kwa mgonjwa, msafiri na aliye hatarini. Asiye na maji, au mwenye maji ya kunywa tu, hutayamamu kwa udongo safi, akapaka uso na mikono. Msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili. Sura ya An-Nisaa imeeleza hata namna ya kusali wakati wa vita, kundi moja likisali na jingine likilinda. Asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala. Mgonjwa na msafiri huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine. Aliyeshikwa na njaa ya kufisha huruhusiwa kula hata kilicho haramu, kwa kadiri ya kuokoa maisha.

Maana ya ruhusa hizi kwa mkimbizi ni kubwa. Mtu aliyepoteza shamba, mifugo na nyumba hupotewa pia na mpangilio wa siku yake. Asubuhi na jioni hufanana. Sala tano humrudishia saa zake. Na kwa kuwa sheria imemrahisishia, hakuna hali ya unyonge iwezayo kumfanya aone kwamba amefukuzwa pia mlangoni mwa Mungu. Anayesali ameketi juu ya mkeka ulioazimwa, kwa tayamamu, rakaa mbili, amesali sala kamili.

Zaka nayo imetengewa watu wanane katika sura ya At-Tawba, aya ya 60, na miongoni mwao wamo mafukara, maskini, wenye madeni, na msafiri aliyekatikiwa njiani hata kama kwao alikuwa tajiri. Mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefika Goma mikono mitupu anaingia katika fungu hilo bila kuaibika, kwa maana anachopewa ni haki yake iliyowekwa, wala si hisani ya mtoaji.

8. Kuhama na kupokewa

Historia ya Uislamu yenyewe ni historia ya watu waliohama. Kundi la kwanza la waumini lilikimbilia Uhabeshi yapata mwaka 615, likapata hifadhi kwa mfalme Mkristo. Mwaka 619, ambao huitwa mwaka wa huzuni, Mtume alifiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib. Mwaka 622 alihamia Madina, na kuanzia hapo Waislamu wakahesabu miaka yao. Kalenda haikuanzia siku ya ushindi wala siku ya kuzaliwa. Ilianzia siku ya kukimbia. Aya ya 97 ya sura ya An-Nisaa inawalaumu walioweza kuhama wakabaki katika dhuluma, na aya inayofuata inawasamehe wanyonge wasio na njia. Kukimbia, kwa mafundisho hayo, si upungufu wa imani.

Lakini upande wa pili wa hijra husahauliwa mara nyingi, nao ni upande wa waliopokea. Wenyeji wa Madina, walioitwa Ansari, yaani wasaidizi, walifungishwa udugu na Muhajirina, mtu kwa mtu, wakagawana nao makao na chakula. Kivu inaujua utaratibu huo kwa vitendo. Sehemu kubwa ya waliohamishwa na vita haiishi kambini. Hupokewa katika nyumba za jamaa, za marafiki, na hata za watu wasiojuana nao, ambapo chungu cha watu watano hulisha kumi na wawili. Wengi wa wenye nyumba hizo ni Wakristo, na hawajapata kulisikia neno Ansari. Tendo lao, hata hivyo, ni lilelile, na maana ya pili ya imani, yaani huruma, imetimizwa mikononi mwao.

9. Mtihani wa kushukiwa

Waislamu wa Kivu ya Kaskazini wana mtihani mwingine juu ya ule wanaoshiriki na majirani zao. Kundi la ADF, lililotoka Uganda katika miaka ya 1990 na ambalo baadaye lilijifungamanisha na kundi liitwalo Dola ya Kiislamu, limeua raia wengi katika Beni na Ituri, na kwa sababu hiyo Mwislamu asiye na hatia hutazamwa mara nyingine kama mshiriki. Waliokufa kwa mikono ya wauaji hao wamo Waislamu pia. Tarehe 1 Mei 2021, katika mwezi wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini, aliyejulikana kwa kukemea siasa kali za kidini, alipigwa risasi akafa msikitini mjini Beni wakati wa sala ya jioni.

Tukio hilo linarudisha mjadala kwenye aina za subira. Kuhubiri dhidi ya umwagaji damu huku ukijua hatari yake ni subira katika kutenda lililoamrishwa. Kwa waliobaki, kutojibu tuhuma kwa chuki, na kuendelea kusalimiana na majirani wanaotia shaka, ni subira katika kuepuka lililokatazwa. Na kumzika mwalimu wao, kisha kurudi kujaza safu za sala, ni subira mbele ya lililokadiriwa. Aina zote tatu hukutana mahali pamoja, na hakuna hata moja kati yake iliyo kukaa kimya.

10. Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba nguvu ambayo Mwislamu huipata wakati wa dhiki ina sehemu nne zinazotegemeana: subira, ambayo ni kujizuia na kutenda, tawakali, ambayo hufuata juhudi, ruhusa za sheria, ambazo humlinda mnyonge asijione ametupwa, na udugu wa mwenye kuhama na mwenye kupokea. Kiswahili kimehifadhi sehemu hizo katika msamiati wake, na kimeugawa msamiati huo kwa watu wasio Waislamu, hata ukawa mali ya Kivu nzima.

Wajibu wa walimu na wanafunzi wa Kiswahili katika jambo hili si mdogo. Neno subira linapoelezwa darasani kuwa ni kungojea tu, kamusi imefupishwa, na mtu wa Kitshanga amepunguziwa silaha yake ya mwisho. Yafaa lielezwe kikamilifu: kwamba ndani yake mna machozi yaliyoruhusiwa, kinywa kilichoruhusiwa kusema, miguu iliyoamrishwa kutafuta, na mkono ulioamrishwa kutoa. Watu wa Masisi na Walikale wameambiwa wasubiri kwa miaka mingi. Walau waambiwe kwa maana kamili ya neno hilo.